Taa Iliyochoma Macho ya Mama Véro

Ninyi mnaotibiwa ngozi kwa taa nyumbani, kabla hamjaiwasha leo, nisomeni kwanza. Sasa ninaweza kushika kalamu bila vidole kupasuka, na mke wangu anasoma tena masomo ya misa bila kukileta kitabu hadi puani. Mungu asifiwe. Ninaandika ili mjue la kufanya na la kukataa. Ninaandika pia kwa sababu nina hasira, na katika umri wangu nimechoka kuifunika hasira kwa nguo nyeupe ya kanisani.

Mimi ni mkatekista mzee wa Katuba, hapa Lubumbashi. Baba yangu aliletwa na kazi ya reli kutoka kaskazini mwa Katanga, nami nikakulia kambini, kati ya filimbi ya treni na kengele ya misioni. Watoto wengi wa mtaa wetu nimewaandaa kwa komunyo ya kwanza. Mmoja wao anaitwa Fidèle. Leo ana duka la taa na nyaya katikati ya mji, ingawa bado anaishi mtaani kwetu, na ndiye nitakayemsema hapa.

Ugonjwa wangu unaitwa psoriasi. Ulianzia kwenye viwiko, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limetanda juu ya kila kitu, nami nikadhani ni ukavu wa hewa tu. Kufika ule mwezi wa baridi ambapo watu huvaa makoti asubuhi, nilikuwa na mabaka mgongoni, magotini, na kichwani chini ya kofia. Ngozi iliinuka, ikawa nyekundu, ikafunikwa na magamba meupe. Hauambukizi. Nilisema hivyo mpaka nikachoka. Kwenye misa, wakati wa kupeana amani, jirani zangu wa benchi walianza kuniinamishia vichwa kwa heshima kubwa sana, mikono yao ikiwa mifukoni.

Nyumbani mke wangu, Mama Véro, alikung'uta shuka kila asubuhi na kufagia magamba chini ya kitanda. Hakulalamika. Alinichokoza tu.

"Ba Véro, nikikusanya hizi zote nitatengeneza bwana ya pili. Pengine ule atakuwa ananisikia."

"Na ule atakula nini?"

"Atakula kidogo. Ule haina mukatekista."

Huku kwetu ‘haina’ maana yake ni ‘si’. Tulicheka, lakini baadaye alihamishia mto wake chumba cha binti yetu, nami nikajifanya sijaona. Hilo ni jambo ambalo daktari haandiki kwenye karatasi yake. Ngozi ikiharibika, kitanda kinakuwa kikubwa.

Hospitali iko upande wa Kasapa, na benchi la kungojea lilijaa wanafunzi wenye chunusi na wazee wenye vidonda. Nilijifunza kufika na kipande cha mkate na rozari. Daktari wa ngozi, Docteur Odette, ni mama mfupi asiyependa maneno mengi. Aliniingiza kwenye sanduku la taa lililosimama kama kabati la nguo, akanifunika macho, akaniacha humo muda usiotosha hata kupiga chafya. Mara tatu kwa juma nilirudi. Kila juma aliongeza muda kidogo. Maembe yalipoanza kuiva, viwiko vyangu vilikuwa laini kama vya mtoto, na Mama Véro aliurudisha mto wake kitandani kwangu. Usiku ule nilimshukuru Mungu kwa mto.

Kisha mvua ikaja. Barabara ikawa matope, na mara nyingi nilifika hospitali nikakuta umeme umekatika tangu alfajiri. Tulikaa pale tukitazama dari. Mwanangu Albert, anayefanya kazi mgodini Kinsevere, akaona nitarudi nilikotoka. Akaniagizia taa ndogo ya nyumbani, aina ileile ya hospitali, mirija miwili kwenye fremu. Nilimpelekea Docteur Odette kwanza. Aligeuza mirija, akasoma maandishi ya pembeni, akakubali. Ndipo akanipa sheria zake, nami ninawapa ninyi.

Vaa miwani ya taa, siyo ya jua, na anayekaa nawe chumbani avae pia au atoke. Sehemu za siri zifunikwe. Umbali uwe uleule kila siku; mimi nilikata fimbo. Usifuatanishe siku mbili. Ngozi ikiwa nyekundu bado, ngoja. Na mrija mpya una nguvu kuliko uliozeeka, kwa hiyo ukibadilisha, rudi kwenye muda wa mwanzo kabisa.

Tatizo lilikuwa saa. Simu yangu hukosa chaji umeme ukikatika, na saa ya ukutani ilikufa zamani. Nikamwambia daktari nitapima kwa Salamu Maria. Alinitazama, akatoa saa yake, akaniambia, "Papa, sali." Nikasali. Akanisikiliza mpaka mwisho wa kumi, yaani Salamu Maria kumi za rozari.

"Sawa," akasema. "Lakini usisali mbiombio siku uko na njaa."

Tangu hapo Mama Véro ndiye aliyeongoza sala. Mimi nilisimama mbele ya taa na miwani yangu, yeye alikaa nyuma ya pazia la mlango akihesabu shanga kwa sauti. Tulikuwa na miwani moja tu, ndiyo maana ya pazia. Ngozi yangu iliendelea kutulia. Nilipewa tena kazi ya kupeleka komunyo kwa wagonjwa.

Mwishoni mwa mvua, umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, ukaua mirija yote miwili. Nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda mjini kwa Fidèle.

Alinipokea kwa mikono miwili. Akaniletea kiti, akaniita mwalimu wake mbele ya wateja. Akaitazama mirija, akaingia stoo, akarudi na mingine ya urefu uleule, yenye miguu ileile ya kuchomekea.

"Papa, angalia. Watt makumi mbili, na hii watt makumi mbili. Iko paka ileile."

Ileile tu, ndivyo alivyosema. Nilishika mmoja. Mrija wangu wa zamani ulikuwa na weupe ndani, kama glasi iliyokauka na maziwa. Huu ulikuwa wazi kabisa. Niliona vidole vyangu upande wa pili.

"Mbona hii haina nyeupe?"

"Ile nyeupe ni poda tu, Papa. Inazuia mwangaza. Hii iko safi, iko na nguvu. Na kwetu Katuba courant iko faible, unajua mwenyewe. Hii njo itakusaidia."

Mtu wa mji mwingine labda angeshtuka. Sisi tumezoea umeme usiofika wote. Taa hutoa mwanga wa njano, pasi haipati moto, na kila mtu mtaani kwetu ananunua kilicho kikali zaidi ili apate kiasi cha kawaida. Maneno ya Fidèle yaliingia masikioni mwangu kama busara ya nyumbani.

"Ni ya ngozi kweli?" niliuliza tena.

"Papa Célestin! Mimi nikudanganye weye? Ulinifundisha amri za Mungu."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoamka nayo.

Asubuhi iliyofuata nilifanya kama daktari alivyoagiza: muda wa mwanzo kabisa, nusu ya kumi la rozari. Taa iliwaka rangi ya buluu iliyopauka. Mama Véro alianza sala, akafika katikati, akanyamaza. Kulikuwa na harufu kali, kama ile inayobaki hewani radi ikishapiga karibu. Alidhani waya unaungua. Nilimsikia akisogeza pazia.

"Ba Véro, kuko kintu inaungua."

Alikuja hadi kwenye taa, akainama, akatafuta moshi kwa macho matupu, akiangalia mrija mmoja hadi mwingine. Mimi, na miwani yangu nyeusi, sikuona alikuwa karibu kiasi gani. Hakupata moshi. Akarudi mahali pake, akamalizia sala kwa uaminifu, tukazima.

Baada ya chakula cha mchana alisema ana mchanga machoni. Baadaye akasema siyo mchanga, ni pilipili. Jua lilipokaribia kushuka alikuwa ameketi sakafuni, amejifunga kitenge kichwani, machozi yakimtoka mfululizo, hawezi kufungua jicho hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijawahi kumsikia mke wangu akilia kwa sauti, hata alipozaa. Siku ile alilia.

"Nimekuwa kipofu," alisema. "Célestin, nimekuwa kipofu, na sikukuangalia vizuri asubuhi."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuwaka kifuani na mgongoni. Albert alitupeleka wote wawili kwa gari la rafiki yake. Docteur Odette alimtia Mama Véro dawa, akamfunga macho, kisha akanigeukia na kuuliza mrija uko wapi. Nilikuwa nimeubeba. Aliuona tu ulivyo wazi, akaketi.

Sitawapa somo refu. Alisema hivi: namba ya watt inakuambia taa inakula umeme kiasi gani, haikuambii inatoa mwanga wa aina gani. Mirija miwili yaweza kuwa na watt sawa, urefu sawa, miguu sawa, na mmoja ukawa dawa na mwingine ukawa sumu. Ule wa Fidèle ni wa kuua vijidudu, ndani ya mashine zilizofungwa za kusafisha maji, au chumba ambacho watu wametoka. Mwili wa mtu haupaswi kuuona. Someni aina iliyoandikwa kwenye mrija, siyo watt peke yake, na msiuwashe kabla daktari hajausoma naye.

Macho ya Mama Véro yalifunguka baada ya siku chache. Docteur Odette alisema mke wangu alitazama kwa muda mfupi, na Mungu alimhurumia. Mimi sikupona upesi. Pale ngozi ilipoungua, ugonjwa ulirudi, ukapita mipaka ya kuungua, ukaenea mwili mzima. Niliingia kitandani hospitalini wakati majani yanaanza kukauka. Nilitetemeka kwa baridi chini ya blanketi wakati mwili ulikuwa wa moto. Nywele zilidondoka. Kucha zilinyanyuka. Muuguzi mmoja kijana alikuwa akinipashia mafuta moto kati ya viganja vyake kabla ya kunipaka, ili yasinishtue. Sijui jina lake kamili, lakini ninamtaja kila jioni. Mama Véro alikaa kando, akinilisha uji, macho yake bado mekundu pembeni.

Katika kitanda kile nilisali zaburi ambazo mapadri huziruka Jumapili, zile zinazomwomba Mungu avunje meno ya adui. Nilizijua kwa moyo. Nilikuwa nimesahau utamu wake.

Nilipoweza kutembea nilikwenda dukani. Mirija iliyo wazi ilikuwa bado rafuni, safu nzima. Msichana mmoja alikuwa akinunua. Alikuwa na madoa usoni, na Fidèle alikuwa akimwambia, "Dada, itakutoa bale madoa yote." Nilimwambia yule msichana aache. Nikaonyesha mikono yangu. Alikimbia bila kuniaga.

Fidèle hakukasirika. Alicheka kwa upole, kama unavyomchekea mzee aliyepotea njia.

"Papa, pole sana. Lakini ngozi yako ilikuwa mubaya tangu zamani. Ile ni ugonjwa yako, haina lampe yangu."

"Na macho ya Mama Véro?"

"Uzee, Papa."

Nilitamani kumpiga. Sikuwa na nguvu; ningekuwa nazo, ningempiga. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Véro, naye akasema, "Minataka aseme. Mbele ya bantu. Si kwa sikio ya padri, mbele ya bantu." Hakutaka fidia wala machozi. Alitaka neno moja litoke kinywani mwa Fidèle, ili binti mwingine asitiwe upofu. Nami nilitaka hilo, na nilitaka pia limwume likitoka.

Padri wetu aliniita akaniomba nisamehe. Nilimjibu kwamba nitangoja Kwaresima.

Katika shirika letu, yaani ile jumuiya ya majirani inayosali pamoja, Kwaresima tunapita nyumba kwa nyumba. Kabla ya sala ya mwisho, mwenye nyumba huuliza kama kuna mtu ana neno naye. Kwa kawaida ni ugomvi wa kuku au wa ukuta. Mwenye neno analisema palepale, na mwenye nyumba hawezi kuondoka, maana ni kwake. Niliingoja zamu ya nyumba ya Fidèle. Mvua zote zilipita nikingoja. Uyoga uliuzwa barabarani ukaisha. Nilisema rozari zangu, nikapaka mafuta yangu, nikarudi kwenye sanduku la hospitali nikianza upya. Subira ni fadhila, na sijawahi kuitumia kwa furaha kama mwaka ule.

Siku ikafika. Ua ulijaa viti vya plastiki. Tukaimba, tukasoma, na Fidèle akasimama katika shati lake jeupe, akauliza kama desturi, "Kuko muntu iko na neno na mie?"

"Kuko," nilisema.

Nilikuwa nimekuja na fremu yangu ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa, na mrija wa Fidèle ndani. Niliwaomba watu wote wahamie nyuma ya sanduku. Nikamwekea Fidèle kiti mbele, mahali penye tundu. Nikampa miwani yangu. Docteur Odette angenifukuza hospitalini kama angeniona. Msiige jambo hili. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi, lakini taa ilikuwa haijawaka. Na umeme, Mungu ni mwema, siku ile ulikuwepo.

"Mwanangu," nilisema, "uliniambia hii iko paka ileile. Sisi tutasali kumi moja la rozari. Wewe weka mkono wako hapo, tupu, mpaka tumalize. Kama ni ugonjwa wangu, taa haitakufanya kitu. Nitapiga magoti nikuombe msamaha mbele ya wote."

Mama Véro alianza kusali, sauti ile ile ya nyuma ya pazia. Fidèle alitazama tundu. Akacheka kidogo. Akakunja mkono wa shati, akauleta mkono karibu na sanduku, nami nikagusa swichi bila kuibonyeza. Aliuvuta mkono kama aliyegusa sufuria.

"Papa, apana."

"Apana nini?"

"Ile haina ya muntu."

Mama Véro alizishusha shanga.

"Sema tena," nilimwambia. "Kuna wengine ni viziwi."

"Haina ya muntu, Papa. Ni ya mayi. Ni ya kuua bidudu."

"Ulijua lini?"

Aliushusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Mama mmoja nyuma, ambaye binti yake alikuwa amenunua mrija uleule akauficha chini ya kitanda, alisema polepole, "Shetani weye." Mwenyekiti wa shirika, kwa kukosa la kufanya, akaanzisha Baba Yetu. Wote tuliisali. Tulipofika kwenye yale maneno ya kusameheana, nilifunga mdomo wangu, na kwa pembe ya jicho niliona Mama Véro amefunga wake pia. Tukaendelea pamoja baada ya hapo hadi amina.

Yule mama alirudi nyumbani mbio akautoa mrija chini ya kitanda. Wengine walitaka mirija yote iliyonunuliwa mtaani ivunjwe. Niliwazuia, maana Docteur Odette alishaniambia kuwa ndani kuna zebaki na mvuke wake ni mbaya. Fidèle aliikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akibisha hodi na kueleza kwa nini amekuja. Ile ya rafuni aliwauzia watu wa mashine za maji, na kila mmoja ulitoka na maandishi mekundu ya onyo aliyoandika kwa mkono wake.

Sasa ni kiangazi tena. Ngozi yangu imetulia isipokuwa nyuma ya masikio. Nina mirija ya kweli, nina miwani mbili. Mama Véro analala upande wake wa kitanda. Padri ananiuliza kila mwezi kama nimesamehe, nami namjibu kwamba nimeanza, lakini mimi ni mzee na ninakwenda polepole. Anashusha pumzi, ananibariki.

Jumamosi ninavaa koti langu, ninakwenda mjini, ninakaa kwenye duka la Fidèle. Hawezi kunifukuza. Ananiletea kiti, maana alilelewa vizuri, na hilo nililifanya mimi. Mteja akiingia kuulizia taa ya aina yoyote, hata ya jikoni, ninamsalimia, kisha ninasema, "Kwanza mwulize Fidèle kuhusu ile ya ngozi."

Anaeleza. Mwanzoni alikuwa akinong'ona.

"Kwa sauti, mwanangu," ninamwambia. "Huyu mama anataka kusikia."

Naye anainua sauti, anaeleza yote, mrija ulio wazi, watt isiyosema kitu, macho ya Mama Véro. Mimi ninafumba macho yangu ninasikiliza. Kila jioni ninamwombea kwa Mungu kwa moyo wangu wote: ampe Fidèle maisha marefu, na wateja wengi.